Msiuze shamba kwanza kwa ajili ya sindano ya macho

Mamaangu siku hiyo kakaa barazani kwetu Wete anachambua mchele, mie naona vijiwe vinabaki kwenye sinia, na huyu ndo alokuwa akitusimanga sie hatuna macho! Namuuliza, anambia ukingo wa sinia anauona ila katikati pana kiwingu. Tukajua mtoto wa jicho tu, apasuliwe yaishe, kumbe sio, daktari akasema ni makyula, pale katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imechakaa kwa umri, aina kavu, tena imeshafika mbali.

Basi grupu la ukoo likachafuka. Binamu yetu wa Maskati karusha habari za sindano mpya, mara shamba la mikarafuu linatajwa bei. Nikawambia jamani ngojeni, tuulize kitu kimoja tu: inarudisha macho au inapunguza kasi? Maana sindano zipo kweli, Syfovre na Izervay, Marekani wameziruhusu 2023, unadungwa ndani ya jicho kila mwezi au kila baada ya miezi miwili, na kazi yake ni kufanya lile doa la sehemu iliyokufa litanuke polepole, basi. Kilichokwishakufa hakirudi, na zenyewe zinaweza kuleta uvimbe kwenye mishipa ya jicho. Ulaya 2024 waliikataa Syfovre, wakasema doa linapungua kasi lakini mgonjwa mwenyewe haoni tofauti ya maana kwenye maisha yake. Hapo bei ya shamba ikanyamaza.

Kilonitia tamaa mie ni kile kidude cha PRIMA, milimita 2 kwa 2, kinawekwa chini ya retina na unavaa miwani yenye kamera inayokipelekea picha. Matokeo yalitoka Oktoba 2025, katika watu 32 waliopimwa baada ya mwaka, 26 walizisoma herufi vizuri zaidi kuliko mwanzo, japo lazima ufanye mazoezi miezi.

Kwa sasa nnachowashauri ni hiki, mzee afumbe jicho moja moja kila asubuhi atazame nondo za dirisha, akiona zimepinda ghafla mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, ile kavu inaweza kugeuka ya majimaji, yaani mishipa inavuja nyuma ya jicho, na hiyo ya majimaji ina sindano zake zinazosaidia hasa, ila ukichelewa ndo basi. Na nyie mnaovuta sigara acheni, hii inakwenda kwa damu.

Mama kanunuliwa taa kubwa na lenzi ya kukuzia msahafu. Siku hizi akitaka kuniona uso ananitazama sikio.