Nilivyojifunza kulinganisha bei za umeme kabla ya kuhama kampuni

Mkataba wangu wa umeme uliisha mwezi wa tatu, nami nikaja kulijua hilo mwezi wa sita. Kampuni ilinitumia barua pepe ya kunikumbusha, ikazama katikati ya matangazo. Umeme haukukatwa. Nilihamishiwa kwenye bei inayobadilika mwezi hadi mwezi, na kwa miezi mitatu taa zilezile na friji lilelile vikanigharimu zaidi. Hasira ndiyo iliyonikalisha chini na bili zangu. Haya niliyoyajua tangu siku ile nayaandika kwa yeyote anayeishi mahali ambapo mteja ameruhusiwa kujichagulia kampuni ya kumuuzia umeme.

Kwanza hofu, maana ilinizuia kwa miaka. Kuhama hakugusi nyaya. Nguzo na nyaya hubaki mikononi mwa msambazaji yuleyule, na umeme ukikatika ni yeye atakayetuma mafundi. Anayebadilika ni anayekuandikia bili tu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kutazama bei ya uniti, yaani kilowati-saa moja, peke yake. Karibu kila bili ina tozo ya kudumu, unayolipa kila siku hata ukisafiri na kuzima kila kitu. Tuseme kampuni ya kwanza inauza uniti kwa senti 20 na kutoza senti 60 kwa siku. Ya pili inauza uniti kwa senti 23, lakini tozo yake ni senti 20. Tangazo la kwanza linavutia zaidi. Sasa chukua nyumba inayotumia uniti 3,000 kwa mwaka: kwa kampuni ya kwanza italipa senti 81,900, kwa ya pili 76,300. Mpaka matumizi yafike karibu uniti 4,870 kwa mwaka ndipo ya kwanza inapoanza kuwa nafuu. Kwa hiyo bila kujua uniti zako za miezi 12 huwezi kulinganisha chochote. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu joto na baridi hubadilisha kila kitu. Kusanya bili za mwaka mzima, au ingia kwenye akaunti yako uzisome humo.

Jihadhari pia na punguzo lenye masharti. Kule Texas, ambako soko lilifunguliwa mwaka 2002, kila mkataba huja na karatasi rasmi inayoonyesha wastani wa bei kwa matumizi ya uniti 500, 1,000 na 2,000 kwa mwezi. Baadhi ya kampuni hutoa punguzo kubwa ukifikisha 1,000, na bei huonekana ya ajabu hapohapo. Ukitumia 990, punguzo lote limekwenda. Soma namba zote tatu.

Na bei inayofuata soko la jumla, yaani pale kampuni zenyewe zinaponunua umeme, mimi siishauri kwa familia yoyote. Februari 2021, baridi kali ilipoipiga Texas, bei ya jumla ilifika dola 9 kwa kilowati-saa moja, na wenye mikataba ya aina hiyo wakaletewa bili za maelfu ya dola kwa siku chache. Mikataba hiyo ilipigwa marufuku kwa wateja wa majumbani mwaka uleule. Bei iliyofungwa kwa mwaka mmoja hunipa usingizi, ingawa najua pengine kuna miezi ninayolipa zaidi kidogo.

Tovuti za kulinganisha bei zinasaidia, ila nyingi hulipwa kamisheni na kampuni zilizomo. Anza na ile ya mamlaka ya udhibiti kama ipo.

Kabla ya kusaini, uliza ada ya kuvunja mkataba na siku ambazo haitozwi. Uingereza, kwa mfano, ada hiyo hairuhusiwi kutozwa katika siku 49 za mwisho za mkataba wa bei iliyofungwa. Mimi naweka kengele kwenye simu wiki sita kabla ya mkataba kuisha, na nyingine wiki mbili kabla.

Siku ya kuhama, piga picha ya mita. Kampuni niliyoiacha ilikadiria usomaji wa mwisho juu ya ule halisi. Niliwatumia picha, tarehe ikionekana, na baada ya siku chache wakanirudishia tofauti yote.