Kadi Yasema Wiki Nane, Mimi Nahesabu Sita

*Wakunga wajibu barua za wasomaji*

Siku zangu za mwisho zilianza tarehe 4 Juni. Mume wangu alirudi safari tarehe 17, kwa hiyo najua mimba iliingia lini. Tarehe 30 Julai nimefungua kadi, nesi kaandika wiki 8. Mimi napata 6. Nani kakosea? – Msomaji, Morogoro

Hakuna aliyekosea, dada. Kliniki huanza kuhesabu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu wengi huikumbuka hiyo. Siku ya mimba kuingia hujulikana na wachache kama wewe. Kwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu siku ya 14, ndiyo maana kadi humtangulia mtoto kwa wiki mbili. Tarehe ya kujifungua: ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3. Yako ni 11 Machi, siku 280 kamili. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake huchelewa wiki moja, na kadi humwonyesha mtoto mkubwa kuliko alivyo. Altrasaundi ya kabla ya wiki ya 14 hurekebisha kwa kumpima mtoto kuanzia utosini hadi matakoni.

Hesabu hii ina jambo moja zito. Mrija unaogeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga wiki ya 6 ya kadi, wakati ambao mama kachelewa siku zake wiki mbili tu, na pengine anadhani ni uchovu. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Kwa hiyo asidi ya foliki, miligramu 0.4 kwa siku, huanzwa kabla ya kushika mimba. Wewe endelea na vidonge vya kliniki, kwani chuma chake bado unakihitaji. Usivimezee chai! Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Tumia maji au juisi ya machungwa.

Mwanao sasa ana kama sentimita 1.6, sawa na punje ya maharage. Moyo unapiga, na vidole vinaanza kuachana, bado vina utando katikati kama mguu wa bata. Ikifika wiki ya 12 atakuwa na sentimita 5 hadi 6 na viungo vyote vikuu vimeshajipanga. Kuanzia hapo ni kukua na kukomaa.

Mke wangu ana wiki 36. Tangu jana mtoto amepunguza kucheza. Mama anasema nafasi imebana, mtoto anapumzika kabla ya safari. Tusubiri? – Msomaji, Tanga

Msisubiri, kaka. Ukisoma hapa na hali ni ileile, weka gazeti chini mwende hospitali, hata kama ni usiku. Mama tunamheshimu, ila nafasi ikibana kinachobadilika ni namna ya kucheza: mateke hugeuka kuwa kujinyoosha na kujisukuma. Kucheza kwenyewe hakupungui. Mtoto hulala dakika 20 hadi 40, mara chache hupita 90. Kondo la nyuma likishindwa kumpelekea oksijeni ya kutosha, huacha kujitikisa ili iliyopo iende kwenye ubongo na moyo. Huko watasikiliza mapigo, ambayo kwa kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika.

Mama ambaye hana uhakika tu alalie ubavu wa kushoto, aweke mkono tumboni na kuhesabu kwa saa 2. Zisipofika mara 10, aende siku hiyohiyo.

Ni kweli mtoto wa miezi saba hupona, wa minane hufa? – Msomaji, Kilifi

Si kweli, ingawa utaisikia kila kijiji. Vifuko vya hewa vya mapafu huhitaji utelezi fulani ili visigandane mtoto anapotoa pumzi. Utelezi huo huanza kutengenezwa karibu wiki ya 24, na hutosha wiki ya 34 au 35. Mtoto wa wiki 28 ana takriban kilo 1, wa wiki 32 kilo 1.8, wa wiki 36 kilo 2.6. Kwa hiyo wa miezi minane ndiye mwenye nafuu. Uchungu ukianza kabla ya wiki ya 34, wahini hospitali: ipo sindano anayochomwa mama ili kuharakisha mapafu ya mtoto, na inahitaji saa kadhaa kabla hajazaliwa ili ifanye kazi.