Tarehe tatu za kuuliza kabla hujaenda kwa Mfalme Arthur

Wengi wanaokwenda Uingereza kufuata visakale vya kale hurudi na picha nzuri na habari zilizochanganyika. Wamesimama mbele ya ukuta wa karne ya 13 wakaamini kwamba hapo ndipo alipozaliwa mtu ambaye, kama aliwahi kuishi, aliishi karne ya 5 au ya 6. Si kosa lao. Mabango huwa mafupi, na kila mji unataka wageni.

Dawa yake ni rahisi: kila unapofika, uliza tarehe tatu. Mawe haya yamejengwa lini? Hadithi iliandikwa lini kwa mara ya kwanza? Na ni nani, mwaka gani, aliyesema kwamba hadithi hiyo ni ya mahali hapa? Ni nadra tarehe hizo kulingana, na katika mapengo yaliyo kati yake ndimo ulimo utamu wa safari.

Ili swali la pili lisikusumbue, beba kichwani mambo machache. Gildas, mtawa wa karne ya 6, anavitaja vita vya Badon, ambavyo hadithi humpa Arthur ushindi wake, lakini jina la Arthur halimo kabisa. Arthur anajitokeza katika historia ya Kilatini iliyoandikwa Wales mwaka 829 au 830, akiwa kiongozi wa vita aliyepigana mara 12. Maisha kamili, kuanzia mimba hadi kuondoka kwake kwenda kisiwa cha Avalon, aliyatunga Geoffrey wa Monmouth mnamo 1136. Meza ya duara ya mashujaa wake ililetwa na Wace mwaka 1155, naye aliandika kwa Kifaransa. Jina la Camelot, mji wa mfalme huyo, nalo lilitoka kwa mshairi Mfaransa, Chrétien de Troyes, baadaye katika karne hiyohiyo. Basi ukisikia mtu anakuonyesha "Camelot ya kweli", ujue anakutafutia ardhini mji uliozaliwa kwenye shairi.

Tintagel: anza na maji

Tintagel iko pwani ya kaskazini ya Cornwall, kwenye jabali ambalo limebaki kushikana na bara kwa shingo nyembamba. Geoffrey aliandika kwamba askari watatu wangeweza kuizuia njia hiyo hata kama ufalme mzima ungewajia. Ukifika utaelewa kwa nini, ingawa bahari imeila shingo hiyo sana tangu wakati wake.

Sasa zile tarehe. Kuta za ngome unazoziona ni za Richard, Earl wa Cornwall, aliyeipata ardhi hiyo mwaka 1233. Yaani ngome ilijengwa karibu miaka 100 baada ya Geoffrey kusema kwamba Arthur alitungiwa mimba pale. Kijeshi mahali hapo hapakuwa na faida kubwa kwa Richard. Alichokitaka ni ile sifa ya hadithi. Kwa hiyo hapa hadithi ndiyo iliyoijenga ngome, na anayesema kinyume chake amegeuza mambo.

Lakini chini ya ngome kuna tabaka jingine, na hilo ndilo ningemsihi kila mgeni alitazame kwa makini: misingi midogo ya nyumba kwenye miteremko ya kisiwa, mawe yaliyopangwa yasiyozidi kimo cha goti, ambayo watu huyaruka wakikimbilia sanamu ya shaba iliyo kisiwani. Hayo ni makazi ya karne ya 5 hadi ya 7. Humo vimeokotwa vigae vingi vya mitungi ya mvinyo na mafuta kutoka mashariki ya Mediterania, na vya sahani nyekundu kutoka Afrika ya Kaskazini, upande wa Tunisia ya leo. Mtu mkubwa aliishi hapo, mwenye meli zinazomjia kutoka mbali, wakati uleule ambao hadithi inamweka Arthur. Jina lake hatulijui. Mwaka 1998 lilipatikana bamba la mawe lenye jina Artognou, na magazeti yakapiga kelele. Hilo ni jina jingine, la mtu mwingine.

Kuhusu maji: pango liitwalo la Merlin, mchawi wa hadithi za Arthur, lililo chini ya jabali, huingilika maji yakipwa tu. Watu wa mwambao wetu wasijiamini kwa mazoea ya nyumbani. Bamvua la Cornwall ya kaskazini hufikia kama mita 7, karibu mara mbili ya la Zanzibar, na maji yakianza kurudi yanarudi kwa kasi. Tafuta jedwali la kupwa na kujaa la siku hiyo, ingia wakati maji bado yanashuka, na uwe umetoka kabla hayajageuka. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kupwa kwa mchana huangukia karibu na saa sita au saa saba, na hizo ndizo siku nzuri za kwenda. Siku za maji mafu pengine hutaingia kabisa. Mawe yana mwani unaoteleza, na wakati mwingine ufuko hufungwa kwa sababu ya maporomoko; kamba ikiwekwa, usiivuke. Pango lenyewe halimo katika Geoffrey. Umaarufu wake ni wa karne ya 19, kutokana na mashairi ya Mwingereza Tennyson.

Tiketi nunua mtandaoni mapema, hasa Julai na Agosti. Daraja la miguu la kuvukia kisiwani lililofunguliwa mwaka 2019 lina urefu wa karibu mita 70, nalo ni mikono miwili inayokaribiana katikati na kuacha ufa wa sentimita 4 ambao unauona ukiinamisha macho. Upepo ukiwa mkali hulifunga, kwa hiyo angalia utabiri wa upepo, usiangalie wa mvua tu. Hakuna kituo cha treni Tintagel. Watu hushuka Bodmin Parkway na kuendelea kwa mabasi, ambayo ni machache, na Jumapili na majira ya baridi hupungua zaidi. Ukikosa la mwisho, teksi itakugharimu sana.

Glastonbury: kaburi lililopatikana kwa wakati wake

Mwaka 1125 mwanahistoria William wa Malmesbury aliandika kwamba kaburi la Arthur halionekani popote. Mwaka 1184 abasia ya Glastonbury, yaani nyumba ya watawa, iliungua. Mfalme Henry II aliyekuwa akichangia ujenzi mpya akafa mwaka 1189, na mwanawe Richard alizitaka fedha zake kwa ajili ya vita vya msalaba. Mwaka 1191 watawa wakachimba makaburini mwao wakasema wamelikuta: gogo la mwaloni lililochongwa ndani, mifupa ya mwanamume mkubwa mno, mifupa ya mwanamke pamoja na kishungi cha nywele za dhahabu, na msalaba wa risasi ulioandikwa kwa Kilatini kwamba hapa kisiwani Avalon amezikwa mfalme Arthur. Zipange tarehe hizo kama zilivyo na utaona hitaji likitangulia ugunduzi.

Kisha mwaka 1278 mfalme Edward I, aliyekuwa ametoka kupigana na Wales mwaka uliotangulia, akaja na malkia Eleanor, mifupa ikatolewa na kuzikwa upya mbele ya altare kuu. Watu wa Wales waliokuwa wakitumaini kwamba Arthur angerudi kuwakomboa walionyeshwa fuvu lake. Kaburi hilo lilidumu hadi abasia ilipovunjwa mwaka 1539, na abati wa mwisho, Richard Whiting, akanyongwa juu ya kilima cha Tor.

Ndani ya abasia kuna alama mbili, na wageni wengi huiona moja. Ile iliyo kwenye majani katikati ya magofu ya kanisa kubwa ni mahali pa kaburi la 1278. Ya pili, panapodaiwa kuchimbwa mwaka 1191, iko kusini mwa kikanisa cha Bikira Maria. Itafute. Ukisoma mahali kwamba wachimbaji wa karne ya 20 walithibitisha shimo la watawa, kumbuka kwamba Chuo Kikuu cha Reading kimezipitia upya kumbukumbu za uchimbaji ule na kuona kwamba hazitoshi kubeba dai hilo.

Tor ina kimo cha mita 158, ni bure, na haina maegesho chini yake. Acha gari mjini. Njia ya magharibi, karibu na kisima cha Chalice Well, ni ndefu lakini inapanda polepole. Ya mashariki ni fupi na kali. Mnara ulio juu ni wa karne ya 14, kwa kuwa kanisa la kwanza liliangushwa na tetemeko la 1275. Kama unaweza, panda asubuhi ya ukungu wa vuli. Tambarare za Somerset zilikuwa mabwawa, na ukungu ukizifunika unaona mara moja kwa nini watu waliita kilima hiki kisiwa. Basi hutoka Bristol kupitia Wells. Kwa treni, kituo cha karibu ni Castle Cary.

Wenye gari waongeze kilima cha Cadbury, kama kilomita 19 kusini-mashariki. Hakuna kiingilio wala duka, kuna tope na ng'ombe, na ni mahali bora kuliko panavyosifiwa. John Leland alipaita Camelot mwaka 1542, pengine kwa sababu ya mto Cam na vijiji vyenye jina la Camel. Lakini mwanaakiolojia Leslie Alcock alipochimba kati ya 1966 na 1970 alikuta kwamba mwishoni mwa karne ya 5 kuna mtu aliyezungushia kilele boma jipya la mbao na mawe, zaidi ya kilomita moja, na kujenga ndani yake ukumbi wa mbao wa kama mita 20 kwa 10. Jina limebandikwa baadaye, mtawala alikuwepo kweli. Siku iliyo wazi unaiona Tor kutoka juu.

Winchester, ukiwa na nusu siku tu

Kwa aliye London, hii ndiyo rahisi kuliko zote: treni kutoka Waterloo kama saa moja, kisha dakika 10 kwa miguu. Piga simu au angalia mtandaoni kabla, maana ukumbi wa kale wenye meza ya duara hufungwa kwa shughuli. Meza inaning'inia ukutani, ya mwaloni, kipenyo mita 5.5, uzito kama kilo 1,200. Pete za miti na vipimo vya kaboni vya miaka ya 1970 viliiweka karne ya 13, na inaelekea ilitengenezwa kwa ajili ya sherehe za Edward I, yuleyule wa Glastonbury. Rangi ni za Henry VIII, mwanzoni mwa karne ya 16, na mwaka 1522 alimleta mfalme mkuu Charles V kuiona.

Nenda na darubini ndogo, au ukuze kwa kamera ya simu, kwa sababu iko juu na maandishi ni ya mtindo wa kale. Tafuta waridi la ukoo wa Tudor katikati. Tazama uso wa Arthur, unaofanana na Henry kijana. Halafu soma majina 24 ya mashujaa ukianzia kwa mfalme: upande mmoja amekaa Galahad, msafi kuliko wote, na upande wa pili Mordred, atakayemwua. Mchapaji William Caxton alipochapa kitabu cha Thomas Malory kuhusu Arthur mwaka 1485, meza hii ilikuwa mojawapo ya ushahidi wake kwamba Arthur aliishi.

Beddgelert, Wales: mahali pawili pa hadithi

Kijijini Beddgelert watu humiminika kwenye kaburi la mbwa Gelert, aliyeuawa na bwana wake Llywelyn kwa kudhaniwa amemla mtoto, kumbe amemwokoa kwa mbwa-mwitu. Waliosoma Kalila na Dimna watakitambua kisa hicho: kule mnyama ni mwingine na adui ni nyoka. Hapa kilipandikizwa na mwenye hoteli ya kijiji, David Pritchard, mwishoni mwa karne ya 18, na kaburi likawekwa. Jina la kijiji inaelekea linatokana na mtakatifu wa zamani.

Mwendo mfupi kutoka hapo kuna Dinas Emrys, ambako wachache hufika. Hadithi yake imo katika ile historia ya 829: ngome ya mfalme Vortigern ambayo vifaa vyake vya ujenzi vilitoweka usiku, mtoto asiye na baba, na joka jekundu na joka jeupe yaliyolala ndani ya bwawa. Wachimbaji wa miaka ya 1950 walikuta bwawa kweli kileleni. Anzia Craflwyn, tenga saa mbili kwenda na kurudi, vaa viatu vyenye meno. Mwishoni njia ni kali na mawe hulowa hata wakati wa kiangazi.

Robin Hood, mnyang'anyi wa msituni wa visakale vya Kiingereza, ana safari yake mwenyewe, na hapa nasema matatu tu. Mashairi yake ya kale humweka Barnsdale, Yorkshire, kama yanavyomweka msitu wa Sherwood. Na "ngome" ya Nottingham iliyopo leo ni jumba la karne ya 17. Ule mwaloni mkubwa wa Sherwood umezungushiwa uzio tangu miaka ya 1970 kwa sababu miguu ya wageni iliushindilia udongo hadi mizizi ikakosa maji na hewa. Uutazame kutoka nje ya uzio.

Kwa siku nne zenye gari, mpango unaotembea vizuri ni Winchester asubuhi ya kwanza, Cadbury jioni, Glastonbury siku ya pili, kisha Tintagel siku mbili ili upate nafasi ya pili upepo ukifunga daraja au maji yakikunyima pango. Usiibane Wales humo. Barabara zake ni nyembamba na kutoka Tintagel hadi Beddgelert utakula siku nzima njiani.