Usiache Dawa ya Tezi kwa Sababu Umepata Nafuu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Makambako aliyefanyiwa upasuaji wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, mwaka jana. Anaeleza kwamba alimeza vidonge vya levothairoksini, yaani homoni ya tezi hiyo, alivyoandikiwa, akapata nguvu, akarudi kwenye biashara yake ya viazi, kisha akaviacha, na sasa zimepita wiki tatu bila kuona dalili yoyote. Swali lake ni fupi: je, huo si ushahidi kwamba amepona? Nilimpigia simu siku ileile, kwa sababu jambo hili halingojei, lakini kwa kuwa najua wapo wengi wenye swali hilohilo ambao hawajapata ujasiri wa kuuliza, nalijibu hapa pia, na kwa urefu.

Hajapona. Zile wiki tatu za raha alizoziona ni dawa aliyokwisha kuimeza, ambayo bado inamtumikia. Ukimeza dawa ya kutuliza maumivu, baada ya saa chache imekwisha kutoka mwilini, ilhali levothairoksini, hata baada ya wiki nzima, karibu nusu yake ingali ndani ya damu. Kwa sababu hiyo inampumbaza mgonjwa mara mbili: anapoianza hukaa wiki kadhaa bila kuona tofauti kubwa, akadhani haifanyi kazi, na anapoiacha hukaa wiki kadhaa bila kuona tofauti, akadhani haihitaji tena. Karibu kila ninachokishauri leo kinatokana na polepole hiyo ya dawa yetu.

Nayasema haya kwa sababu yamenipata. Nilizaliwa na kukulia katika nyanda za juu za Njombe, ambako mvua za karne nyingi zimesomba madini joto kwenye udongo, na ambako kizazi cha bibi yangu kililihesabu rovu kuwa sehemu ya uzee wa mwanamke. Katika miaka ya 1980 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, baadaye ikaja chumvi yenye madini joto, na leo watoto wa kijijini kwetu wana shingo nyembamba, jambo ambalo kila nikienda nyumbani hunifurahisha. Kwangu, hata hivyo, rovu lilitokea, likaota vinundu, likabana koo hadi nikashindwa kulala chali, na madaktari wakaamua kuiondoa tezi yote.

Upasuaji wenyewe ulifanywa kwa ustadi ninaouheshimu hadi leo, na kovu lake halionekani isipokuwa kwa anayelitafuta. Kilichoniumiza ni kilichofuata. Niliruhusiwa kutoka wodini nikiwa na karatasi ya kurudi kutolewa nyuzi na vidonge vya mwezi mmoja, na hakuna hata mtu mmoja aliyenieleza kwamba binadamu asiye na tezi hiyo hawezi kuishi salama bila homoni iliyokuwa ikitengenezwa nayo. Vidonge vilipokwisha nilirudi kuuliza, nikajibiwa dirishani kwamba dozi yangu imekamilika. Niliondoka pale nikimshukuru Mungu kwa kupona, na ninapokumbuka shukrani ile hasira hunirudia, kwa maana mgonjwa aliyefanya yote aliyoagizwa aliachwa aingie gizani kwa kukosa sentensi moja tu ya maelezo.

Miezi iliyofuata nilibadilika kidogo kidogo kiasi kwamba hakuna aliyeweza kutaja siku mabadiliko yalipoanza. Nilikuwa mwalimu wa sekondari Dar es Salaam, na nilianza kuvaa sweta ofisini mchana wa jua kali huku wenzangu wakigombea feni. Sauti yangu ilikuwa nzito na ya kukwaruza. Nywele zilitoka kwa mafungu kwenye kitana, nyusi zikapungua upande wa nje, ngozi ya miguu ikakauka na kupasuka, choo kikawa kigumu, na hedhi ikawa ya siku nyingi. Nilisahau majina ya wanafunzi niliokuwa nimewafundisha miaka miwili. Nilinenepa ilhali chakula hakipandi. Hospitalini nilitibiwa malaria, kisha taifodi, kisha nikaambiwa na mtu aliyekuwa akiandika bila kuniinulia uso kwamba nina mawazo, nipumzike.

Nyumbani halikuwa jambo jepesi. Wifi yangu, aliyekuwa amekuja kutusaidia, aliniambia mbele ya wageni, "Wifi, tangu upasuliwe umeufanya ugonjwa kuwa kazi yako." Baadaye, alipoelewa, aliniomba radhi na nilimsamehe kwa moyo wote, lakini nikisema maneno yale hayaniumi tena nitakuwa nadanganya. Wapo wanawake wengi wanaoitwa wavivu ambao damu yao haijawahi kupimwa homoni, na ndugu wanaowaita hivyo wangefanya jambo la maana zaidi kama wangewachangia nauli ya kwenda maabara.

Aliyenitoa huko alikuwa daktari mtu mzima katika hospitali ya mkoa, ambaye kabla sijamaliza kujieleza aliniomba niendelee tu kuzungumza ili aisikilize sauti yangu. Akanipandisha juu ya kiti nikiwa nimepiga magoti, nyayo zikining'inia nje, akachukua kinyundo cha mpira na kugonga mshipa mnene ulio juu ya kisigino. Unyayo uliruka mara moja, kama kawaida, halafu ukarudi mahali pake polepole mno, hata mimi mwenyewe niliyekuwa nimegeuza shingo nikaona kwamba ule haukuwa mwendo wa mguu wa mtu mzima. Akagonga mara ya pili, akamwita daktari kijana aje aone. "Mama," aliniuliza, "hizi dawa za tezi ulimwachia nani?" Nikamwambia kwamba niliambiwa dozi imekwisha, naye akavua miwani, akakaa kimya, kisha akaandika fomu ya maabara.

Majibu ya kipimo cha damu kiitwacho TSH yalikuwa zaidi ya 100, wakati kwa mtu mzima mwenye afya kipimo hicho hukaa takriban kati ya 0.4 na 4. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi, nami naomba lieleweke vizuri. TSH haitengenezwi na tezi ya shingo, bali na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo ndiyo inayoiagiza tezi ya shingo ifanye kazi. Homoni ya shingoni inapopungua, agizo huongezeka, kama mama anavyozidi kupaza sauti anapomwita mtoto asiyeitika. Kwa hiyo namba kubwa ina maana kwamba dawa haitoshi, na namba iliyo chini sana mara nyingi ina maana kwamba dawa imezidi. Nimekutana na watu waliopunguza dozi wenyewe kwa sababu waliona namba imepanda, wakajizidishia ugonjwa.

Miezi ya katikati sina haja ya kuisimulia, kwa kuwa ilikuwa ya kumeza, kungoja na kupima. Choo kilitengemaa kwanza, uvimbe wa uso ukafuata, kisha sauti, na nywele zikawa za mwisho kabisa. Mwezi uliopita kipimo changu kilisoma 1.8, na mwezi huohuo nilitetea tasnifu yangu ya shahada ya uzamili, mimi niliyekuwa nikisahau majina ya wanafunzi wangu. Naliandika hili kwa fahari, na sioni sababu ya kulificha. Ninyi mnaosoma hapa mna ndoto zenu, za masomo, za biashara, za kujenga na kulea, na kidonge hiki kidogo kinaweza kuzibeba zote endapo kitamezwa inavyotakiwa.

Namna inavyotakiwa ni hii. Kidonge humezwa kila siku, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, na chai au kifungua kinywa husubiri nusu saa hadi saa nzima. Mimi humeza alfajiri kabla ya kuwasha jiko, kwa sababu chai ya maziwa, kahawa na vyakula vya soya huzuia dawa isifyonzwe vizuri. Rafiki yangu Mwislamu, ambaye naye anaishi kwa dawa hii, katika mwezi wa Ramadhani hukubaliana na daktari wake kumeza usiku wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya kula, na vipimo vyake vimebaki vizuri. Ukisahau siku moja usihangaike, kwa kuwa dawa bado imo mwilini. Kinachoharibu ni mazoea ya kusahau.

Dozi hupangwa na daktari, si na jirani. Mtu mzima asiye na tezi kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, lakini mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanzishiwa dozi ndogo, mara nyingi mikrogramu 25 au hata chini ya hapo, na kupandishwa taratibu ili moyo usishtuke. Baada ya dozi kuanzishwa au kubadilishwa, TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hivi, kwa sababu kabla ya hapo damu haijatulia na namba utakayopewa haitakuwa na maana. Hali ikishatengemaa, kipimo kimoja kila baada ya miezi 6 hadi 12 kinatosha. Zahanati nyingi hazina kipimo hiki, kwa hiyo panga safari na fedha mapema, na usikubali kubadilishiwa dozi kwa kutazamwa usoni tu.

Angalia pia unavyoitunza. Dawa hii huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, na Dar es Salaam ina vyote vitatu. Ukikatiwa vidonge dukani, omba wakukatie pamoja na karatasi yake ya kiwandani, usikubali vilivyomwagwa ndani ya bahasha, wala usiviweke juu ya kabati la jikoni au ndani ya gari. Ukizoea dawa ya kiwanda kimoja, baki nayo, na ikilazimu kubadili, mwambie daktari ili apange kipimo.

Watakuja wa kukuambia kwamba dawa ya kila siku itakumaliza figo, au kwamba chumvi yenye madini joto inatosha, au kwamba kuna mizizi ya kuchemsha. Chumvi hiyo ni kinga kubwa kwa jamii nzima, na tuendelee kupikia, lakini haiwezi kumwotesha tezi mtu aliyeondolewa tezi. Na kinachoitwa dawa hapa ni homoni ileile ambayo mwili ungeitengeneza wenyewe, iliyotenganishwa kwa mara ya kwanza na mkemia Edward Kendall huko Marekani mwezi Desemba 1914. Kabla yake, mwaka 1891, daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mwanamke mwenye upungufu wa homoni hii kwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo, na mwanamke huyo akaishi miaka 28 zaidi. Kabla ya hapo wagonjwa wa aina yetu walivimba, walipoa, walififia akili na kufa. Anayekushauri uache dawa, muulize atakuwa wapi siku utakapoanguka.

Kwa wale ambao tezi zao zinafanya kazi kupita kiasi, wanaokonda huku wanakula, wanaotetemeka mikono, wenye moyo unaokwenda mbio usiku, habari yenu ni tofauti kidogo, na mdogo wangu ni mmoja wenu. Dawa yenu mara nyingi ni kabimazoli, ya kuituliza tezi, ambayo kwa kawaida hutumiwa kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kabla daktari hajaamua kama ni wakati wa kuisimamisha. Ninyi pia msiiache kwa sababu ya nafuu. Lipo jambo ambalo likitokea mnapaswa kusimama papo hapo: mkipata homa na maumivu ya koo au vidonda mdomoni, acheni kumeza na mwende hospitali siku hiyohiyo kupimwa chembe nyeupe za damu, kwa kuwa kwa watu wachache dawa hii huzishusha kiasi cha kuhatarisha maisha. Mkifika, mtajieni daktari jina la dawa mnayotumia kabla hajawaandikia ya mafua.

Nimeacha wajawazito hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu ndio wanaoniandikia zaidi. Katika wiki za mwanzo za mimba, mtoto hana tezi inayofanya kazi. Anategemea homoni ya mama yake, na ubongo wake unajengwa wakati huohuo. Mama aliye kwenye levothairoksini huhitaji kuongezewa dozi, mara nyingi kwa robo au theluthi, na hapaswi kungoja tarehe ya kwanza ya kliniki. Ukiona tu umepitiliza siku zako na kipimo kikathibitisha, nenda kwa daktari wa tezi wiki hiyo, upime TSH. Waume, ninyi ndio mwende naye, msimtume peke yake na daladala kisha mkamlaumu kwa kuchelewa kupika. Na mkifika kliniki mtapewa vidonge vya kuongeza damu, ambavyo ni vizuri na ni lazima vimezwe, ila madini ya chuma yaliyomo huikamata dawa ya tezi tumboni na kuizuia isiingie mwilini. Vivyo hivyo vidonge vya kalsiamu na dawa za kiungulia. Vitenganisheni kwa saa 4 au zaidi: kidonge cha tezi alfajiri kwa maji, chai baada ya saa nzima, na vidonge vya damu baada ya chakula cha mchana.