Hesabu hesi kabla hujanunua vikombe vya krenki

Ndugu unayeanza ufundi, baiskeli kuukuu ikiletwa krenki (mikono inayoshika pedali) inacheza, usikimbilie dukani. Fungua, safisha, pima. Vikombe vya zamani, vile vinavyozungushwa kwenye fremu kushika gololi za ekseli ya krenki, vinafanana kwa macho lakini hesi zake (mifereji ya skrubu) ni mbalimbali, na mteja ndiye anayelipia ukibahatisha.

Kikombe cha Kiingereza cha kawaida kina kipenyo cha inchi 1.37, yaani milimita 34.8, na hesi 24 kwa inchi. Baiskeli nyingi za zamani za Raleigh, zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza, zina milimita 34.9, hesi 26. Cha Kifaransa ni milimita 35, hesi moja kila milimita. Chuma kilicholika hakiwezi kukuonyesha tofauti ndogo hivyo, kwa hiyo usitegemee kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) peke yake. Cha Kiitaliano tu, milimita 36, ndicho kinachojitambulisha mara moja. Na pima kikombe chenyewe kwa nje: ukipima tundu la fremu kwa ndani utapata kama milimita 33.7, uanze kutafuta saizi isiyokuwepo.

Kama huna kipimo cha hesi, chukua kikombe unachokijua, piga hesi zote brashi ya waya, kisha vilaze viwili hivyo hesi kwa hesi na uvielekeze kwenye mwanga. Zikiwa sawa zinaumana mwanzo hadi mwisho. Ikiwa moja ni 24 na nyingine 26, zinaanza vizuri, halafu zinapandana na mwanga unapenya. Hii ni njia nzuri kuliko kujaribu kwenye fremu, maana kikombe kigeni huingia mizunguko miwili mitatu kisha hukaza. Hapo simama. Ukiongeza nguvu unaua hesi za fremu, na fremu hainunuliwi kama kikombe.

Hesi 26 na za Kifaransa zinakaribiana mno, hata mwanga unaweza kukudanganya. Pima upana wa bomba la fremu panapokaa ekseli: milimita 68 kwa Mfaransa na Mwingereza wa kawaida, 70 kwa Mwitaliano, 71 au 76 kwa Raleigh hizo. Angalia pia kikombe cha kulia. Cha Kiingereza, Raleigh ikiwemo, hufunguka kwa kuzungusha kama saa inavyokwenda; cha Kiitaliano na Kifaransa nyingi hufunguka kinyume chake.

Ekseli usiitupe hata kama imechimbika. Urefu wote, umbali kati ya njia mbili za gololi, na upande upi mrefu, vyote vinasomwa humo. Gololi kwa kawaida ni za robo inchi, 11 kila upande. Kotapini (pini inayokaza krenki kwenye ekseli) ya Raleigh ni milimita 9.5; ya 9 itaingia, lakini krenki italegea tena.

Vikombe vya hesi 26 ni adimu. Kwa hiyo mulika tochi kupitia upande wa kushoto. Kikombe cha kulia kikiwa bado laini, kiache palepale, badilisha gololi na ekseli, tia grisi mpya.