Mtoto wa mitaani akitaka kuanza upya: maswali yenu na majibu

Tangu niandike kuhusu watoto wanaolala mitaani Kariakoo na Posta, hapa Dar es Salaam, ujumbe haujakoma kuingia. Nimechagua mitano. Mingine nimeijibu kwa kifupi, na mmoja, wa kijana anayetoka kituo cha kulelea watoto, nimeupa nafasi kubwa kwa sababu watu wengi hudhani hapo kazi imekwisha.

*Kila asubuhi kwenye taa za Morocco kuna mtoto anafuta kioo cha gari langu. Nimpe hela au nisimpe? (Dereva, Mwenge)*

Kaka, mpe chakula, na mwulize jina lake. Hela anayoshika mtoto mdogo mara nyingi hailali naye. Wakubwa wa kijiweni humkaba usiku, na siku asipokuwa nayo anapigwa. Kesho msalimie kwa jina. Ukishazoeana naye utajua kama analala nje au jioni anarudi kwao na kilichopatikana ndicho kinachonunua unga wa ugali. Hao ni watoto wawili tofauti na msaada wao ni tofauti. Ukiona yuko peke yake kabisa, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Hailipiwi.

*Mwanangu ana miaka 13. Alitoroka, akakaa Feri miezi mingi, wasamaria wakamrudisha. Amekaa wiki tatu tu, ameondoka tena. Nimekosea wapi? (Mama, Mbagala)*

Pole sana, mama. Naomba usijilaumu kabla hujatazama kilichomtoa mara ya kwanza. Kama bado kipo, kitamtoa tena, hata ukimpikia wali kila siku. Katika ujumbe wako umeandika, kwa haraka sana, kwamba baba yake wa kambo "ni mkali". Anampiga? Kama anampiga, mtoto hajakimbia mapenzi yako, amekimbia fimbo, na hapo siwezi kukushauri umrudishe ndani ya nyumba ileile. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa ya Temeke, mweleze wazi, mtazame kama kuna bibi, shangazi au mjomba anayeweza kukaa naye kwa muda. Kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto nacho kinapokea jambo hili, usiogope kuingia.

La pili ni shule. Elimu ya msingi ya serikali haina ada, lakini mvulana wa miaka 13 aliyeacha darasa la tatu hawezi kukaa dawati moja na watoto wa miaka 9 bila kuona aibu. Siku mbili tatu watamcheka, ya nne haendi. Uliza kwa afisa elimu wa kata kuhusu MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ambako atasoma na wa rika lake.

La tatu, huko Feri alikuwa na hela yake, na marafiki waliomlinda. Nyumbani anaambiwa akaombe ruhusa ya kwenda dukani. Mpe kazi yenye heshima na kauli kidogo katika mambo yake. Akirudi safari hii, na wengi hurudi, mpe maji ya kuoga na chakula, alale. Maswali ya ulikuwa wapi na ulikula nini yasubiri. Mwombe afisa ustawi aje kuwatembelea baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi. Kumsindikiza mtoto mpaka mlangoni na kuondoka ndiko kunakotufelisha wengi tunaofanya kazi hii.

*Mimi ni fundi pikipiki Manzese. Kijana wa miaka 15 anayelala kwenye vibanda anataka nimfundishe. Nitapata matatizo ya sheria? (Fundi)*

Ahsante kwa moyo huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto wa kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kazi za hatari hairuhusu, wala kazi za usiku, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo asilale gereji kama mlinzi, hata akikuomba mwenyewe. Mpeleke serikali ya mtaa, ajulikane yuko kwako, na ustawi wa jamii waambiwe. Mlishe mchana, na akifanya kazi mlipe, hata kama ni kidogo. Kumfanyisha kazi bure mwaka mzima kwa jina la kujifunza ni kumnyonya. Baadaye, akishaiva, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini: anapimwa na kupewa cheti bila kuanza moja.

*Wanavuta gundi. Kuna dawa? Nimesikia Muhimbili wanatoa. (Mama ntilie, Ilala)*

Dada, dawa unayoisema ni methadoni, nayo ni ya walioathirika na heroini. Ya gundi haipo. Gundi ya viatu inaua njaa na baridi, ndiyo maana wanaificha kwenye chupa ndani ya mkono wa fulana na kuivuta hata wakiwa wanaongea na wewe. Inaharibu ubongo, na inaweza kusimamisha moyo ghafla. Ukimkuta anavuta, usimkimbize. Kinachosaidia ni kushiba, kulala mahali salama, kukaa mbali na kundi kwa wiki kadhaa, na mtu wa kumsikiliza. Nimeona wengi wakipunguza bila kuambiwa siku wanapokuwa na kitu cha kufanya. Chakula chako cha jioni kinachobaki kina kazi kubwa kuliko unavyofikiri.

*Nina miaka 19. Nimelelewa kituoni tangu nitolewe mtaani. Desemba natakiwa kuondoka. Najua kuchomelea. Nianzie wapi? (Kijana, Kigamboni)*

Mdogo wangu, anza leo, usingoje Desemba.

Kwanza karatasi. Bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, husajili laini ya simu kwa jina lako, na bila laini hela yako inapitia simu ya mtu mwingine. Nimeona vijana wakidhulumiwa mshahara wote kwa njia hiyo. Kama huna cheti cha kuzaliwa, mwombe mlezi wako akupeleke RITA, wanaosajili vizazi, na chochote kilichopo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba. Barua ya serikali ya mtaa aiandike mwenyekiti anayekufahamu, na hapo ulipo ndipo unapofahamika. Ukishahama utaanza kujieleza upya kwa watu wasiokujua.

Pili chumba. Wenye nyumba wengi Dar wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mpigo. Tafuta mwenzako mpange wawili. Nasema hivyo kwa ajili ya kodi, na pia kwa ajili ya usiku. Umezoea kulala bweni lenye watu. Geto lako la kwanza litakuwa kimya, na kimya hicho kimewarudisha vijana kijiweni wakiwa na kazi na godoro jipya. Kubalianeni mapema kuhusu umeme wa LUKU na usafi, maana ugomvi huanzia hapo.

Kazi: omba kuajiriwa kwenye karakana kwanza, hata kwa kutwa, kabla ya kununua mashine yako. Halmashauri zinatenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya vijana, isiyo na riba. Ni nzuri, ila mkopo wa kikundi unahitaji watu mnaojuana tabia. Subiri kidogo. Weka akiba kwanza, na kaa mbali na kubeti.

Halafu kuna jambo ambalo kituo kisipokupa, ulidai: mtu mzima mmoja atakayepokea simu yako mwaka mzima baada ya kuondoka. Awe mlezi, fundi wako, au mzee wa msikitini au kanisani. Utaugua, utakosa kodi, bosi atakutukana. Wenzako wenye wazazi wana wa kumpigia siku hiyo. Mtaje kwa jina kabla ya Desemba, mkae naye chini pamoja na mkuu wa kituo, akubali mbele yako.

Ukishapata namba ya NIDA, niandikie tena. Kuna mafundi wa kuchomelea Vingunguti na Keko ninaoweza kukutambulisha kwao.