Betri ya helikopta si betri ya pikipiki

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mjomba amenitumia helikopta ya rimoti, Align T-Rex 450, pamoja na betri mbili za lipo zilizoandikwa 3S, 11.1V, 2200mAh. Chaja haikuja. Mjini nimeona moja ya wati 50 inayochomekwa ukutani, na nyingine ya wati 200 ambayo haina waya wa ukutani kabisa. Mbele ya safari nataka helikopta kubwa ya betri za 6S. Ninunue ipi? Kuna fundi mtaani kwetu anasema nisipoteze hela, ana chaja ya betri za pikipiki, volti 12 kwa 12, zinaingiliana. (Msomaji, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Usimpelekee. Kama umeshampelekea, nenda kaichukue kwanza, ndipo urudi usome yaliyobaki.

Hili la "12 kwa 12" nalisikia mno, na wengi wanaolisema wana mita mezani, ila hawaitumii. Betri yako ni lipo, yaani ya lithiamu-polima, na ina seli tatu, ndiyo hiyo 3S (6S ni seli sita). Kila seli inahesabiwa volti 3.7, ndiyo maana ubavuni pameandikwa 11.1. Seli ikijaa inafika 4.2 na haitakiwi kuvuka hapo, kwa hiyo pakiti nzima mwisho wake ni 12.6. Chaja ya pikipiki imetengenezewa betri ya tindikali, inapanda mpaka kama 14.4. Gawanya kwa tatu: volti 4.8 kwa kila seli. Betri ya tindikali ikizidishiwa inachemka na kutoa gesi, unaiongezea maji, kesho inawasha pikipiki. Zile za nikeli za zamani zilikuwa zinapata joto tu. Lipo haina pa kuupeleka umeme uliozidi. Lithiamu inaanza kujitandika juu ya anodi, yaani upande hasi wa seli, na kimiminika cha ndani, ambacho kinashika moto kama tina ya rangi, kinavunjika na kuwa gesi. Pakiti inavimba. Ikipasuka inawaka, na moshi wake una haidrojeni floraidi, ambayo inaunguza mapafu.

Wapo wajanja zaidi. Hao wanachukua pawa saplai ya kurekebisha, wanaiweka 12.6 kamili, wanachomeka waya mbili nene na kuondoka. Tatizo ni kwamba 12.6 ni jumla. Seli moja inaweza kuwa 4.35, ya pili 4.20, ya tatu 4.05. Jumlisha mwenyewe: ni 12.60 ileile, na ile ya kwanza imeshaingia kwenye hatari bila mita ya nje kuonyesha chochote. Ile soketi ndogo nyeupe yenye waya nyembamba nne kwenye betri yako (kwenye 6S zinakuwa saba) si pambo. Ndipo chaja inapopima kila seli peke yake na kuzisawazisha. Chaja isiyo na tundu la soketi hiyo, usiulize hata bei.

Sasa hizo mbili ulizoziona. Dukani watakutajia ampea, kwa sababu ndizo zimeandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi. Wewe uliza wati. Lipo ya kawaida ichaji kwa ampea zinazolingana na ujazo wake: 2200mAh ni ampea 2.2. Zidisha kwa 12.6, unapata wati 28 hivi. Kwa helikopta uliyonayo, ya wati 50 inatosha na chenji inabaki. Lakini chukua 6S ya 5000mAh. Ampea 5 kwa volti 25.2 ni wati 126. Chaja ya wati 50 hapo itakupa ampea 2 tu hata kama boksi linasema 5, nawe utakaa zaidi ya saa mbili na nusu kwa ajili ya kuruka dakika chache.

Kwa hiyo nunua ya wati 200, ila jua kwamba nusu ya bei bado hujailipa. Kukosa waya wa ukutani maana yake inataka umeme wa DC, kama ule wa betri, kutoka nje. Ukiidai wati 126, yenyewe itavuta kama 150, na kwenye volti 12 hizo ni ampea 12 na ushee. Adapta ya ruta haiwezi, na nyaya nyembamba za spika zitayeyuka. Tafuta pawa saplai ya volti 12 inayotoa ampea 20 za kweli, au ya volti 24 kama chaja inaruhusu. Kwa upande mwingine hii ndiyo raha yake: kule viwanja vya Nanenane Nzuguni hakuna soketi, lakini betri ya sola au ya gari ya 12V, 50Ah itakujazia 6S moja au mbili bila kunyonywa mpaka chini.

Kuhusu ile ya wati 50, chaja maarufu ya kiwango hicho, iMAX B6 ya kampuni ya SkyRC, imeigwa kupita kiasi. Ukiishia kununua ya namna hiyo, linganisha volti inazoonyesha kwa kila seli na mita nzuri. Zikipishana, irudishe. Chaja inayodhani 4.3 ni 4.2 haina tofauti kubwa na ya yule fundi.

Hakikisha pia ina hali ya kuhifadhi, inayoacha seli kwenye 3.8 hivi. Lipo iliyojaa ikikaa wiki nzima ndani ya chumba cha bati, kwa joto letu la Oktoba na Novemba, inazeeka haraka. Na ikitoka kuruka ikiwa ya moto, iache ipoe kabla ya kuchaji.

Ninachokiogopa zaidi, hata hivyo, ni siku chaja yako itakapoikataa betri. Utaruka ukajisahau, seli zishuke chini ya 3, chaja itaandika volti ni ndogo mno na kugoma. Hapo vishoka watakwambia "tuishtue": badili chaja uweke hali ya nikeli, isukume dakika mbili tatu, kisha rudisha kwenye lipo. Na itakubali! Ndiyo maana wanasifiwa. Seli iliyoshuka sana, karibu na volti 2 au chini yake, shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, na ukiichaji shaba ile inaganda mahali isipotakiwa na kutengeneza shoti ndani kwa ndani. Chaja iligoma kwa sababu hiyo.

Mchezo huohuo unachezwa kwenye betri za simu, kwenye seli za kompyuta kuukuu zinazouzwa ndani ya tochi na pawabenki, na sasa kwenye pikipiki za umeme. Mtu anashtuliwa betri kwa shilingi elfu mbili, anakwenda nayo nyumbani, anaichaji usiku juu ya godoro, watoto wamelala chumba hichohicho. Chaji mchana, ukiwepo, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu, ndoo ya mchanga ikiwa karibu.

Na kama ile moja ilishaguswa na chaja ya pikipiki, hata kwa dakika tano, pima kila seli kwenye ile soketi nyeupe. Ukikuta iliyopita 4.25, au pakiti imevimba hata kidogo, usiiruke na usiichaji tena. Iweke nje ya nyumba ndani ya mchanga, iunganishe na taa ya gari ya volti 12 mpaka taa izime kabisa, na usiitupe kwenye takataka zinazochomwa.